Kati ya Habari Mbili: Utangulizi wa Somo la Marubani Wanawake wa Kijeshi

Kila muhula unapoanza huwagawia wanafunzi wangu kipande cha karatasi chenye sentensi moja niliyoitunga mwenyewe: "Rubani alizima injini, akashuka, akampigia saluti afande wake, kisha akaomba maji ya kunywa." Nawapa dakika kumi wachore au waeleze wanachokiona. Karatasi zikirudi, rubani ni mwanamume, afande naye ni mwanamume, na anayeleta maji, mara nyingi, ni mwanamke. Mwaka mmoja kijana alimpa rubani hata ndevu. Ndipo ninapowauliza: ni neno lipi humu limekuambia kwamba huyu ni mwanamume? Wanaisoma tena, kidole juu ya kila neno, na hawalipati, kwa sababu halimo.

Kiswahili hakitaji jinsia katika kitenzi. Kiambishi kile kile kinamhudumia bibi harusi na bwana harusi, na "afande" ni afande awe amevaa hereni siku ya mapumziko au asivae. Hata cheo cha Amiri Jeshi Mkuu wetu wa Tanzania, mwenye Ikulu yake hapa Chamwino, Dodoma, kiliposhikwa na mwanamke Machi 2021 hakikubadilika hata herufi moja. Anayesoma ripoti ya Kiingereza hupewa jinsia ya rubani bure, katika kila mstari. Sisi hatupewi. Mhariri wa gazeti akitaka tujue, lazima aongeze neno: "rubani mwanamke". Na mhariri haongezi neno bila sababu. Huliongeza siku mwanamke huyo anapovalishwa beji ya mabawa, kwa kuwa ni wa kwanza, na huliongeza tena siku ndege yake inapoanguka. Kati ya habari hizo mbili anaporuka kila wiki, anapofundisha, anapoandika ripoti za kikosi na kugombana na ghala kuhusu vipuri, lugha inammeza. Anakuwa "rubani" tu, na msomaji anamchora na ndevu.

Somo hili, ndugu msomaji, ni la miaka hiyo ya katikati. Nakukaribisha.

Wageni hushangaa kukuta habari za anga zikisomwa Dodoma, mji wa reli, Bunge na zabibu. Kwanza nawaambia watege sikio. Uwanja wa ndege wa zamani umo mjini kabisa, umelazwa mashariki–magharibi kuufuata upepo wetu, na ndege ya pangaboi ikipaa wakati wa kipindi mwalimu hana budi kunyamaza. Pili nawapa ramani ya 1932. Mwaka huo kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilipofungua safari zake za London hadi Cape Town, ndege zilitoka Nairobi zikaja Moshi, zikatua Dodoma, ndipo zikaenda Mbeya. Kwa abiria wa kwanza wa njia ile, uwanda huu wa kati ulikuwa kituo cha mafuta cha Afrika.

Kabla ya hapo uwanda ulikuwa umeshawatoza marubani ushuru. Februari 1920 ndege ya Vickers Vimy iliyokodiwa na gazeti la The Times, ikijaribu kutoka Cairo kwenda Cape, ilianguka Tabora ilipokuwa ikipaa. Mmoja wa abiria alikuwa mwanazuolojia Peter Chalmers Mitchell, na safari yao ikaishia hapo. Aprili 1928 Tabora ilimpata tena mtu. Bi Mary Bailey, mke wa tajiri wa migodi ya Afrika Kusini, alikuwa akiruka peke yake kutoka London kwenda Cape. Ndege yake ndogo aina ya Moth ilivunjika Tabora. Ndege nyingine ikatafutwa, akaendelea na safari, na baadaye akarudi kwao kwa anga vilevile.

Wanafunzi hupenda ujasiri wa Bi Bailey, nami sibishi, ni ujasiri wa kweli. Lakini nawaomba wakae kidogo na maneno "ndege nyingine ikatafutwa". Mwanamke yeyote wa Kinyamwezi aliyekuwa Tabora siku ile, awe na akili na moyo kiasi gani, hakuwa na mlango wowote wa kuingilia katika kazi hii. Hakukuwa na shule ya kumpokea, wala mume wa kumnunulia Moth, achilia mbali ya pili. Huko Marekani Bessie Coleman, mtoto wa wakulima wa Texas, alikuta shule zote zimemfungia. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, akapata leseni yake Ufaransa Juni 1921. Alikuwa na lugha mpya na akiba ya mshahara wake.

Kwa wengi waliomfuata, mlango uliofunguka ulikuwa wa serikali. Urubani ni elimu ghali kuliko karibu zote. Saa moja ya injini inakula mafuta, matengenezo na mshahara wa mwalimu. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, au wa mkulima wa mtama, hawezi kuilipia. Jeshi linaweza. Ndiyo maana historia ya mwanamke Mwafrika angani inapitia kambini mara nyingi kuliko inavyopitia kwenye vilabu vya matajiri, na ndiyo maana anayelisoma somo hili lazima ajifunze kusoma vyeo, amri za uhamisho na bajeti za ulinzi, hata kama alikuja kwa kuvutiwa na mawingu.

Hapa kuna mshangao mdogo ninaoupenda. Melody Danquah aliruka peke yake kwa mara ya kwanza katika mafunzo ya Jeshi la Anga la Ghana Juni 1964, wakati wa Rais Nkrumah. Jeshi la Marekani, lenye ndege nyingi kuliko jeshi la nchi yoyote, lilimpata rubani wake wa kwanza mwanamke mweusi, Marcella Hayes, mwaka 1979, katika kikosi cha helikopta. Miaka 15 baadaye. Na Ghana ile ya 1964 ilikuwa na uhuru wa miaka saba tu. Mtu akikuambia kwamba Afrika siku zote hufuata nyuma, mpe tarehe hizi mbili.

Sasa tushuke kwenye hewa yenyewe, maana mwanahistoria asiyejua ndege inapaaje atadanganywa na kila mtu. Uwanja wa Dodoma uko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Chukua mchana wa Novemba kabla mvua hazijaanza, joto nyuzi 30, vumbi limesimama juu ya barabara ya Msalato. Ukipiga hesabu, uzito wa hewa unayoivuta umepungua kwa karibu asilimia 17 ukilinganisha na hewa ya kawaida ya pwani. Mabawa na injini vinajisikia kana kwamba viko mita 1,900, kwenye kilima ambacho macho hayakioni. Ndege itahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Helikopta ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu yenyewe haina mbio za kuisaidia. Inajinyanyua kwa panga lake tu, na mchana wa namna hiyo rubani mwenye busara hupunguza mafuta au hushusha abiria mmoja. Marubani wa huku hupenda saa moja asubuhi kama wakulima.

Nimeleta hesabu hiyo kwa sababu ya mtu mmoja. Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, uko mita zisizopungua 1,150: kimo kilekile cha Dodoma, isipokuwa kwamba wao wana ziwa na radi za alasiri, sisi tuna ukame. Huko ndiko Luteni Kanali Naomi Karungi wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, UPDF, alikofanyia kazi. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuendesha helikopta za jeshi hilo, akapanda hadi kuwa kamanda wa kikosi cha helikopta za Jet Ranger. Tarehe 28 Januari 2020 helikopta ya mafunzo aliyokuwamo na rubani mwanafunzi ilianguka wilayani Gomba. Wote wawili walifariki.

Ndiyo habari ya pili, ile ya mwisho, na magazeti ya Afrika Mashariki yaliitangaza. Wengi wetu siku hiyo ndipo tulipolisikia jina lake. Naliona hilo kama aibu ya taaluma yetu, si ya magazeti.

Hebu tumtazame katika miaka ya katikati, kwa kutumia ile ndege yenyewe. Jet Ranger ni helikopta ndogo: injini moja, panga kuu lenye mabapa mawili, nafasi ya watu watano. Majeshi na shule nyingi duniani huitumia kufundishia, kwa kuwa ni nyepesi na haina makuu. Katika helikopta mkono wa kushoto unashika wenzo unaoipandisha na kuishusha, wa kulia unashika usukani unaoielekeza, na miguu yote miwili inafanya kazi kwenye pedali kuizuia isizunguke kama pia. Ukisogeza kimoja, vingine viwili vinataka kusahihishwa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hawezi kuituliza juu ya uwanja wa mpira. Inamyumbia huku na huku kama mbuzi aliyefungwa kamba. Pembeni yake amekaa mwalimu mwenye vishikio vyake mwenyewe. Mikono yake iko karibu navyo bila kuvishika. Akivishika mapema, mwanafunzi hajifunzi kitu. Akichelewa, wanaumia wote. Wakufunzi husema muda huo wa kusubiri ndio kazi yenyewe.

Kamanda wa kikosi cha namna hiyo si mtu wa gwaride peke yake. Anaidhinisha nani aruke na nani abaki, anasoma hali ya hewa, anajua fundi gani amechoka. Anawaumba marubani wa kesho. Kwa hiyo tukimweka Karungi katika sanduku la "mwanamke wa kwanza" na kulifunga, tumempoteza. Swali la maana zaidi ni hili: wanaume wangapi wanaoruka leo Uganda walijifunza kutulia hewani pembeni ya mwalimu mwanamke? Hilo halina kichwa cha habari, na hakuna mhariri atakayeliongezea neno.

Kuna jambo jingine linalomfanya awe wetu. Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini katika majeshi ya ukanda huu tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na huko Uganda, ambako raia wengi hukikwepa, wanajeshi bado wanakitumia. Karungi alikuwa afande. Tukimwandika kwa Kiswahili tunamrudisha kambini kwake. Neno "rubani" lenyewe lina umri mkubwa kuliko ndege zote: lilikuwa la bahari, la yule anayeujua mlango kati ya miamba na kuuonyesha kwa nahodha mgeni. Ndege zilipokuja, wasemaji wa Kiswahili hawakuhangaika kutunga neno jipya. Wakenya waliita jeshi lao la huko juu Jeshi la Wanahewa, sisi tukasema Jeshi la Anga, lakini rubani alibaki rubani pande zote.

Sasa onyo, nalo linatokana na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma niliandaa maelezo ya darasa nikamtaja Irene Koki Mutungi wa Kenya miongoni mwa marubani wa kijeshi, kwa sababu kila gazeti lilimwita "Kapteni". Mwanafunzi mmoja, binti wa mwanajeshi kutoka Kongwa, alininyooshea mkono. "Mwalimu, samahani, huyu ni kapteni wa shirika la ndege. Kapteni wa jeshi ana nyota tatu begani." Alikuwa sahihi. Mutungi ni wa Kenya Airways, na sifa yake ni kubwa vya kutosha bila mimi kumvalisha magwanda: mwaka 2014 aliandikwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Niliyafuta maelezo yale. Tangu siku hiyo neno "wa kwanza" likitokea darasani huwa tunalivua nguo: wa kwanza kufanya nini, katika jeshi gani, kwenye ndege ya aina gani, kwa cheo kipi, na nani aliyehesabu?

Jaribu zoezi hilo kwa Nigeria. Blessing Liman alipokea mabawa yake 2012, akawa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa jeshi la anga la nchi hiyo. Mwaka 2019 Kafayat Sanni akawa wa kwanza kwenye ndege za jeti za kivita, na Tolulope Arotile akawa wa kwanza kwenye helikopta za mapigano. Wote watatu ni "wa kwanza", na hakuna aliyedanganya. Afrika Kusini, Mandisa Mfeka, mwanamke mweusi wa kwanza wa ndege za kivita nchini mwake, alipita juu ya umati kwenye sherehe za kuapishwa kwa Rais Ramaphosa Mei 2019 akiwa ndani ya jeti ya Hawk. Zambia ina wake, Thokozile Muwamba. Ukishaona orodha inavyorefuka, neno lile linaanza kuonekana kama kibandiko cha bei: kinakuambia dukani kuna kitu, hakikuambii ni nini.

Arotile alifariki Julai 2020, miezi michache baada ya Karungi. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alishavuka mafunzo, na alisharuka operesheni dhidi ya magenge yenye silaha. Aligongwa na gari ndani ya kambi huko Kaduna, akiwa ardhini. Huwa siongezi neno ninapofika hapo darasani.

Kenya inatufundisha jambo tofauti. Kwa zaidi ya miongo miwili wanawake wa jeshi la nchi hiyo waliwekwa katika kikosi chao cha peke yao, kilichovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaingizwa katika matawi ya kawaida. Fatuma Gaiti Ahmed alijiunga na kikosi hicho mwaka 1983. Akawa brigedia wa kwanza mwanamke, kisha meja jenerali wa kwanza mwanamke, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa zima alisimamie. Hakufika hapo kwa kurusha ndege. Alikuja kwa njia ya utawala na rasilimali watu. Wapo wanaolisema hilo kwa kubeza. Mimi naona wanakosea. Jeshi la anga ni ndege chache zinazobebwa na makaratasi mengi, na anayeamua nani aende kozi gani anaweza kuleta marubani wanawake kumi pasipo yeye mwenyewe kugusa usukani. Ukitafuta historia hii kwenye chumba cha rubani peke yake, utakosa mlango ulioko upande wa masijala.

Kwetu Tanzania anza na msingi. Usafiri wa anga wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, ulijengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa msaada wa Canada, kwa ndege za Otter na Caribou zilizoweza kutua kwenye viwanja vya majani. Kisha wakaja Wachina, kambi ya Ngerengere na ndege za kivita. Kila mshirika alikuja na mtaala wake, vipimo vyake vya macho na urefu, na mawazo yake kuhusu nani anafaa. Vipimo ni jambo la kuchunguza kwa makini, maana ubaguzi mwingi hukaa humo bila mtu kuutamka. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na kiwango cha chini cha urefu wa inchi 64, yaani kama sentimita 163, hadi lilipokiondoa Mei 2020. Viti na vishikio vilikuwa vimechongwa kwa miili ya wanaume, halafu mwanamke mfupi akaambiwa kwamba tatizo ni yeye.

Utahitaji nini basi? Subira, na watu. Zungumza na rubani, lakini usimwache fundi aliyefunga parafujo za ndege yake, mpishi wa bwalo, mama mzazi aliyeletewa habari kwamba bintiye anataka kuruka, na mume au mchumba aliyelea watoto mama akiwa zamu. Uliza maswali yanayoonekana madogo. Ovaroli lilimkaa vipi? Alipopata ujauzito alipewa kazi gani, na alirudi angani baada ya muda gani? Kambini choo kilikuwa wapi? Nimeona mahojiano marefu kuhusu uzalendo yakitoa aya mbili, na swali la choo likitoa kurasa kumi.

Na ukipata bahati ya kufunguliwa logibuku, lile daftari ambalo rubani huandika kila safari yake, nawa mikono kwanza. Safu zake ni za kuchosha: tarehe, aina ya ndege, namba yake, kutoka wapi kwenda wapi, saa za mchana, saa za usiku. Iko safu ya rubani anayeongoza. Kwenye kurasa za mwanzo safu hiyo ina jina la mwalimu, mstari baada ya mstari, wiki baada ya wiki. Teremka na kidole taratibu. Katika utamaduni wa urubani tulioupokea kutoka kwa Waingereza, siku mwanafunzi anaporuka peke yake haandiki tena jina la mtu mwingine katika safu ile. Anaandika neno moja, "mwenyewe". Aghalabu safari hiyo ni ya dakika chache tu, mzunguko mmoja kuuzunguka uwanja na kutua. Weka alama ya penseli hapo, kisha anza kusoma kwenda mbele.